Ralph Samuelson: Chali wa Lake City Aliyetoa Ski Kwenye Theluji Akazipeleka Ziwani

Kuna wasee huvumbua kitu, dunia nzima inakitumia, alafu jina lao linapotea. Ralph Samuelson alikuwa mmoja wao. Kwa zaidi ya miaka 40 watu walikuwa wanavutwa na boti juu ya maji, wanaruka, wanashangiliwa na mafans, wengine wanatengeneza doh mrefu, na karibu hakuna mtu aliyejua kwamba hiyo maneno ilianza na kijana wa miaka 18, mbao mbili na sufuria ya mamake.

Leo tunakupea risto yake yote. Na usiende kabla ya mwisho, juu mwisho ndio mtamu.

Kwanza tuelewane. Ski ni zile mbao mbili ndefu na nyembamba unavaa kwa miguu ndio uteleze juu ya theluji. Wakenya wengi tulizijua kupitia Philip Boit, yule mkimbiaji aliyewakilisha nchi kwa Olimpiki za msimu wa baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Sasa imagine mtu anaamka siku moja na kuamua atavaa hizo vitu juu ya maji. Si barafu. Maji, yale ya kuzama.

Mtoto wa ziwa na njeve

Ralph alizaliwa tarehe 3 Julai 1903 na akakulia Lake City, mji mdogo kwenye jimbo la Minnesota, Marekani. Mji wenyewe uko kando ya Lake Pepin. Wanaliita ziwa, lakini ukweli ni kwamba ni Mto Mississippi umepanuka tu hadi ukafanana na ziwa, urefu wa kilomita 35 hivi. Upande huu ni Minnesota, ng'ambo ni Wisconsin.

Njeve ya Minnesota si ya Limuru. Msimu wa baridi ukifika, ziwa linaganda hadi watu wanatembea juu yake. Wahamiaji kutoka Norway na Sweden walikuwa wameingia eneo hilo na ski zao, na Red Wing, mji jirani ulio juu kidogo ya mto, ulikuwa na klabu ya kuruka na ski tangu miaka ya 1880. Kwa kijana wa pale, ski hazikuwa kitu ngeni. Zilikuwa kama baiskeli kwa mtoto wa Kisumu.

Ngori ni kwamba jua likirudi, ski zinaekwa kona zinashika vumbi. Msimu wa joto burudani ilikuwa ziwani, na mchezo uliokuwa umeshika ni kusimama juu ya ubao mpana uliofungwa nyuma ya boti. Boti inavuta ubao, wewe unashikilia tu usianguke. Ni poa, lakini hauna usemi. Ubao unaenda penye boti inaenda, na wewe ni mzigo juu yake.

Hapo ndipo Ralph alianza kuwaza. Kama mtu anaweza teleza juu ya maji yaliyoganda, kwa nini asiteleze juu ya yale hayajaganda? Na kama kamba itavuta mtu badala ya kuvuta ubao, si huyo mtu atakuwa huru kugeuka venye anataka?

Kwa karatasi, wazo lilikuwa fiti. Ziwani ikawa aibu.

Aibu mbele ya mtaa

Kitu ya kwanza alijaribu ni mbao za pipa, zile zimepindwa kidogo. Akazifunga kwa miguu, boti ikaanza kuvuta, Ralph akazama.

Akaona labda shida ni mbao. Akachukua ski zenyewe za theluji, zile original, akaingia nazo majini. Akazama tena. Na mji mdogo ni mji mdogo. Watu walikuwa wanasimama ufukweni kuangalia huyu chali akinywa maji ya mto.

Kwa nini ski za theluji zilikataa? Hapa inabidi tuingie darasani dakika mbili. Theluji iliyoshikana inaweza kubeba uzito wako hata ukisimama tu. Kwa hivyo ski za wakati huo zilikuwa nyembamba, karibu sentimita 8 upana, na zilifanya kazi. Maji hayana hiyo huruma. Ukisimama juu yake yanafunguka na unaenda chini.

Lakini maji yana siri moja. Ukiyapiga kwa spidi, yanasukuma. Unajua ile kitu unafanya ukiwa kwa mat Thika Road, unatoa mkono dirishani, unainua vidole kidogo na upepo unaurusha mkono juu hadi kondaa anakuchapia kelele? Ni hivyo hivyo. Ubao ukienda mbio huku mbele yake ikiwa imeinuka, unasukuma maji chini, na maji yanausukuma ubao juu. Ukiongeza spidi mara mbili, huo msukumo unapanda mara nne. Kwa hivyo unahitaji vitu tatu: spidi, upana wa kutosha na ncha iliyoinuka. Ski za theluji zilikuwa na hiyo ya tatu kidogo, upana hazikuwa nao, na boti ya Ralph haikuwa na mbio ya kufidia.

Ralph hakuwa injinia. Hakuandika hesabu yoyote ya fizikia. Alijua tu kwamba amezama mara nyingi, na kila mara maji yalikuwa yanamfunza kitu.

Sufuria ya mathe

Akaenda kununua mbao mbili za msonobari. Akazikata futi nane urefu, yaani mita 2.4 hivi, na inchi tisa upana, karibu sentimita 23. Ukilinganisha na ski za theluji, upana ulikuwa karibu mara tatu. Huyo msee alikuwa amesoma maji.

Ikabaki ncha. Mbao mbichi haipindiki tu juu umeiambia ipinde. Ralph akachukua sufuria kubwa ya shaba ya mamake, akachemsha maji, akatumbukiza ncha za mbao humo hadi zikalainika. Alafu akazibana na vyuma zikiwa zimepinda na kuelekea juu, akaziacha zikauke hivyo. Ni mbinu ile ile mafundi wa ski za theluji walikuwa wanatumia kupinda mbele ya ski zao: mvuke, kubana na subira.

Miguu ikashikwa na mikanda ya ngozi, nayo pia kama ski za theluji za enzi hizo. Kamba ilikuwa ile ya kuvuta madirisha, kama mita 30. Kishikio kilikuwa pete ya chuma aliyotengenezewa na mhunzi. Boti nayo ilikuwa boti ya job tu, imewekwa injini ya gari, na dereva alikuwa brathake, Ben. Ukiangalia vizuri, hiyo ni jua kali tupu. Hakuna kampuni, hakuna maabara, hakuna sponsa.

Tarehe 28 Juni 1922 wakaingia ziwani. Boti ikavuta, ncha za ski zikaingia chini ya maji, Ralph akafuata. Wakarudia. Ncha zikazama tena. Siku ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Kila wakati mwili wake ulikuwa unataka kuegemea mbele venye mtu hufanya akiteremka mlima wa theluji, na kila wakati ncha zilikuwa zinachimba maji.

Tarehe 2 Julai akajaribu kinyume. Akaegemea nyuma, magoti yamekunjwa, ncha zote mbili zikichungulia juu ya maji kabla boti haijaondoka. Ben akakanyaga. Mbao zikainuka, maji yakawa magumu chini ya miguu, na Ralph akasimama.

Ilikuwa siku moja kabla atimize miaka 19. Ile mkao aliipata siku hiyo ndio mpaka leo mtu akienda kujifunza huo mchezo anafunzwa kwanza: egemea nyuma, toa ncha juu ya maji, acha boti ikuinue.

Mafuta ya nguruwe na ndege ya vita

Chali hakutulia hapo. Kumbuka amekulia karibu na watu wanaoruka na ski kutoka kwa ngazi za theluji. Kwa hivyo akaanza kujiuliza kama hata hiyo inaweza hama ije majini.

Tarehe 8 Julai 1925 akachukua jukwaa la waogeleaji la kuelea, upande mmoja ukazamishwa ndio lilale kama mteremko. Mara ya kwanza alipolifikia, ski zilinata kwa mbao kavu na akatupwa mbele kama gunia. Kwa theluji, ngazi inateleza yenyewe. Hapa ilibidi utelezi uletwe. Wakapaka jukwaa mafuta ya nguruwe, yale ya kupikia. Akarudi, akapanda, akaruka, akatua akiwa amesimama. Huo ndio unahesabiwa mruko wa kwanza kabisa wa ski za majini. Mchezo wa Red Wing ulikuwa umehamia ziwani rasmi.

Mwaka huo huo akavutwa na ndege ya majini aina ya Curtiss, ya enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa spidi ya maili 80 kwa saa. Hiyo ni karibu kilomita 130. Juu ya mbao zilizochemshwa kwa sufuria. Bila helmeti. Huyo hakuwa mwoga, tukubaliane.

Watu walikuwa wanamiminika Lake City kumuona. Kwa miaka mingi alifanya maonyesho, na jina lake likavuma huko nyumbani. Lakini kuna kitu moja Ralph hakufanya, na ilikuja kumkosti.

Karatasi

Hakuchukua patenti. Alijua ametengeneza kitu mpya, watu walikuwa wanalipa kuja kuona, lakini hakuenda ofisi yoyote kuandikisha kwamba hii ni yangu.

Tarehe 27 Oktoba 1925, miaka mitatu tu baada ya Ralph kusimama juu ya maji na miezi michache baada ya ule mruko, mse anaitwa Fred Waller alipewa patenti ya ski za majini. Waller alikuwa mtu wa New York, kichwa kali wa mambo ya kamera na filamu. Huyu ndiye baadaye alivumbua Cinerama, ile sinema ya skrini pana iliyopinda ambayo ilishtua watazamaji mwaka 1952. Ski zake aliziuza kwa jina la Dolphin Akwa-Skees.

Waller hakumuibia Ralph. Alifika kwa wazo hilo kivyake, na huko Seattle msee mwingine, Don Ibsen, naye alijitengenezea za kwake mwishoni mwa miaka ya 1920 bila kujua kuna Ralph. Wazo la kuhamisha ski kutoka theluji kwenda majini lilikuwa limeiva, na likiiva huangukia watu kadhaa. Lakini Waller alikuwa na karatasi. Ralph alikuwa na mbao na mashahidi wa kijijini. Vitabu huandikwa kutoka kwa karatasi.

Bata mzinga

Alafu mwili ukamsaliti. Ajali kazini, kwenye ujenzi, iliumiza mgongo wake vibaya na kumaliza siku zake za maonyesho. Chali aliyevutwa na ndege akabaki anatembea kwa uangalifu. Akahamia kwa shamba maeneo ya Pine Island, huko huko Minnesota, akawa mfugaji wa bata mzinga.

Sasa angalia venye maisha huchezea mtu. Wakati Ralph anachanganya chakula ya ndege, mchezo wake ulikuwa unalipuka. Mwaka 1939 Marekani ilipata chama chake cha kitaifa cha ski za majini. Kule Florida, bustani ya Cypress Gardens ikawa inajaza watalii kwa maonyesho ya warembo wakipanda piramidi juu ya maji. Hollywood ikatia miguu: mwaka 1953 Esther Williams aliigiza kwa filamu ya Easy to Love, ambayo ilipigwa hapo hapo, na ski za majini zikawa glamour ya kuonyesha kwa skrini kubwa.

Ralph hakuwa kwa hiyo picha. Alikuwa kwa boma lake na bata zake. Na hakuna mtu alikuwa anamtafuta, juu hakuna mtu alijua kuna wa kutafutwa.

Mbao ukutani

Mwaka 1963 mwandishi wa gazeti la jiji la St. Paul alitembelea Lake City kupumzika. Penye watu wanabadilisha nguo kando ya ziwa akaona jozi ya mbao kubwa za zamani zimetundikwa ukutani, na maelezo kwamba hizi ndizo ski za kwanza za majini duniani. Wengi walikuwa wamezipita wakienda kuogelea. Yeye alisimama akauliza maswali.

Maswali yakampeleka hadi kwa mfugaji wa bata mzinga Pine Island. Habari ikatoka gazetini, watu wakaanza kuchimba. Magazeti ya zamani ya mji, mashahidi waliozeeka, tarehe, picha, kila kitu kilirudi kwa kijana na sufuria ya mamake. Mwaka 1966 chama cha kitaifa cha mchezo huo kilimtambua rasmi Ralph Samuelson kama mtu wa kwanza kupiga ski juu ya maji. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Kutoka siku aliyosimama hadi siku aliyotambuliwa ilikuwa imepita miaka 44.

Mwaka 1972 mchezo ulitimiza miaka 50, na mwaka huo huo ukaonyeshwa kwa Olimpiki za Munich, ingawa haukuwa wa kuhesabiwa medali. Ralph aliishi kuona hiyo yote. Alifariki mwaka 1977, akiwa na miaka 74, jina lake likiwa limerudi mahali pake.

Risto ingeweza isha hapo na ingekuwa sawa. Lakini mbao zake zilikuwa bado na job.

Ziwa linalipa deni

Tangu 1922, theluji na maji zimekuwa zikikopeshana vifaa kama majirani wa ploti moja. Theluji ilianza kwa kutoa ncha iliyopinda, mikanda ya ngozi na hata ngazi ya kuruka. Baadaye zote mbili zilianza kutumia aluminiamu, faibaglasi na kaboni.

Alafu maji yakaanza kurudisha. Mwaka 1965 Sherman Poppen wa Michigan alifunga ski mbili pamoja ndio bintiye asimame kando kama anayeendesha mawimbi ya bahari, akatengeneza Snurfer, babu ya ubao wa theluji tunaouona leo. Ubao huo ulipokomaa, ukavuka tena kurudi ziwani: kufikia miaka ya 1990 kulikuwa na ubao mmoja wa kuvutwa na boti, miguu yote ikiwa imefungwa kwa upande. Kama umewahi ona video ya mtu akipiga salto nyuma ya boti, hicho ndicho kifaa chenyewe.

Lakini deni kubwa lililipwa na chizi mmoja anaitwa Shane McConkey. Huyu alizaliwa Vancouver, Kanada, mwaka 1969, na alikuwa staa wa kuteremka milima mikali na kufanya vituko. Shane alikuwa na swali ambalo Ralph angelielewa haraka sana. Ski za wakati wake zilikuwa zimeundwa kwa theluji ngumu, iliyoshindiliwa: nyembamba katikati, pana mbele na nyuma, ziume barafu ukikata kona. Ukiingia nazo kwa theluji laini, ile ya kufika magotini, ncha zinachimba chini na wewe unasumbuka. Shane akaona kwamba theluji laini haifanyi kama ardhi. Inafanya kama maji.

Kwa hivyo mwaka 2001, kwenye milima ya Alaska, alichukua ski za majini, akazifunga vishikio vya buti za theluji, akashuka nazo mlima. Sio utani. Zilielea. Mwaka uliofuata kampuni ya Volant ikatoa ski aliyoifikiria, ikaitwa Spatula: milimita 125 upana chini ya mguu, pana zaidi katikati kuliko kwenye ncha, na umbo lililopinda kama ndizi ili mbele na nyuma zibaki zimeinuka. Wajuzi wengi walicheka. Leo ingia duka lolote la ski za theluji laini utaona upana na ncha zilizoinuka kila mahali. Waliocheka wanazivaa.

Shane alifariki mwaka 2009 akiruka kutoka mlima kule Italia. Ralph alikuwa ameshaenda miaka 32 kabla yake. Hawakuwahi kukutana. Lakini ukiweka kazi zao mbili kando kwa kando, mbao za 1922 na Spatula ya 2002, utaona majibu ni mawili na yanafanana: panua ubao, inua ncha. Mmoja alitoa ski kwenye theluji kwa sababu zilizama majini. Mwingine aliingia majini kutafuta kitu kisichozama kwenye theluji.

Ralph hakupata patenti, na alikaa miongo mingi bila jina. Lakini kila mtu anayeelea leo juu ya theluji ya magotini anateleza kwa wazo lililolainishwa kwa maji moto, kwa sufuria ya shaba, nyumbani kwa mamake Ralph kule Lake City.